Mama amezaa, kichwa hakiachi kuuma: Damu iliyoganda katika mishipa ya ubongo

Karatasi hii inaandikwa kwa watu wa namna mbili: jamaa wanaomtunza mgonjwa nyumbani, na wauguzi wa dispansari na wa vituo vya afya. Ndugu msomaji, ukiisha kuisoma, umpe mwingine.

Kichwa kuuma ni jambo la kila siku. Mtu ametumika shambani katika jua kali, amekosa usingizi, ameshikwa na malaria: kichwa kinauma, anakunywa dawa, kesho amepona. Kwa hiyo watu wengi hawaogopi kichwa kinachouma. Lakini kuna maumivu ya namna moja ambayo sharti tuyaogope. Ni yale yanayomshika mama katika majuma ya mwisho ya mimba, au katika majuma 6 ya kwanza baada ya kuzaa, yanayoongezeka siku kwa siku, yasiyosikia dawa. Mara ingine sababu yake ni damu iliyoganda ndani ya mishipa ya ubongo.

Ugonjwa huu hauonekani kila siku. Katika inchi ya Uholanzi, wanganga walipohesabu walipata karibu mtu 1 tu katika watu 100 000 kwa mwaka. Lakini unapenda kushika vijana kuliko wazee, na wanawake kuliko wanaume, zaidi wamama waliozaa sasa hivi. Maana yake, mtu anayeshikwa ni yule ambaye nyumba nzima inamtegemea, na mara nyingi ana mtoto mchanga mikononi.

Neno moja tunataka mlishike: ugonjwa huu unaweza kujulikana, na ukijulikana mapema wagonjwa wengi wanapona kabisa. Hatari yake kubwa ni kupewa jina lingine, na watu kukaa kungoja.

DAMU INAINGIA, DAMU INATOKA

Ubongo ni nyama laini sana iliyofungwa ndani ya mfupa wa kichwa. Moyo unasukuma damu mpaka ubongoni kwa njia ya mishipa inayopeleka. Ubongo unachukua hewa na chakula kilicho katika damu, kisha damu inarudi moyoni kwa njia ya mishipa mingine, ile ya kurudisha. Mishipa midogo ya kurudisha inakutana na kuingia katika mifereji mikubwa iliyo chini ya mfupa wa kichwa. Mfereji mmoja unapita juu, katikati ya kichwa, kutoka karibu na paji la uso mpaka kisogoni. Kule unagawanyika: mmoja unakwenda kuume, mmoja kushoto. Inapita nyuma ya masikio na kushuka shingoni.

Ugonjwa wa kupooza ambao watu wengi wanaujua, ule unaoitwa AVC, mara nyingi unatoka kwa mishipa inayopeleka damu: imezibwa, ao imepasuka juu ya tansiyo kubwa. Hapa tunasema juu ya mishipa ya kurudisha. Ni jambo lingine, na dawa yake ni ingine.

Angalia barabara yetu wakati wa mvua. Chini ya barabara kuna bomba la kupitisha maji. Majani na matope yakiziba bomba lile, mvua haingoji. Maji yanazidi kuja, yanapanda, yanaingia katika mashamba ya watu, na mwisho yanapasua barabara yenyewe. Ni vile vile ndani ya kichwa. Damu ikiganda katika mfereji wa kurudisha, moyo hauachi kusukuma damu ingine. Damu inajaa nyuma ya kizuizi. Ubongo unavimba, na mfupa wa kichwa hauwezi kupanuka. Hapo kichwa kinauma sana, macho yanaharibika, mgonjwa anashikwa na kifafa. Mwisho mishipa midogo inapasuka, na damu inamwagika ndani ya ubongo.

Mshike neno hili vizuri: kumwagika kwa damu hapa ni tunda la kuzibwa. Barabara imepasuka sababu bomba limezibwa. Tutalirudilia neno hili tutakaposema juu ya dawa.

NANI ANAWEZA KUSHIKWA?

Mungu ameumba mwili wa mama kwa akili. Mimba ikikaribia mwisho, damu ya mama inakuwa nyepesi kuganda, ili siku ya kuzaa asimwage damu mpaka kufa. Nguvu ile ya kuganda inabaki majuma kadhaa baada ya kuzaa. Inamlinda mama, lakini pia inaweza kumletea matata, zaidi kama mambo mengine yanajiunga nayo:

1. Kukauka maji mwilini: mama ametapika, amehara, ametoka jasho la homa, ao hakupewa maji ya kutosha.

2. Upungufu wa damu. Mama aliyemwaga damu nyingi ao mwenye kukosa chuma mwilini ni rahisi zaidi kushikwa.

3. Kupasuliwa kwa kuzaa, na kulala kitandani siku nyingi bila kutembea.

4. Usaha katika sikio, ao uvimbe wa mfupa wa nyuma ya sikio. Mfereji mkubwa unapita karibu sana na mfupa ule, na vidudu vinaweza kuugusa. Majipu ya usoni, karibu na pua na macho, nayo ni hatari.

5. Ugonjwa wa damu wa kurithi unaoitwa SS ao drepanositozi.

6. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni.

7. Kuumia kichwa, kansa, na magonjwa mengine yanayofanya damu igande upesi. Ndiyo maana hata mwanaume anaweza kushikwa. Na mtoto mchanga aliyekauka maji anaweza kushikwa.

Ugonjwa huu si mpya. Munganga Mfaransa Ribes aliuandika katika mwaka 1825, alipouona kwa mwanaume wa miaka 45. Miaka 3 nyuma ya hiyo, munganga wa Scotland, John Abercrombie, aliuandika juu ya mwanamke kijana aliyekuwa ametoka kuzaa. Wakati ule waliujua tu baada ya mgonjwa kufa na kufunguliwa kichwa. Leo tunaweza kuujua mgonjwa angali hai.

DALILI ZAKE

Katika mwaka 2004 wanganga wa inchi 21 waliandika habari za wagonjwa 624 wa ugonjwa huu. Karibu wagonjwa 9 kwa 10 waliumwa kichwa. Karibu 4 kwa 10 walishikwa na kifafa. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya kuangalia ni kichwa. Lakini si kila kichwa kinachouma. Uliza mambo haya:

Kilianza lini? Mara nyingi kinaanza polepole na kuongezeka kwa siku nyingi. Mara chache kinaanza ghafula sawa radi.

Kinauma zaidi saa gani? Mara nyingi kinazidi mgonjwa akilala, asubuhi mapema, akikohoa, akiinama ao akijikaza chooni.

Kinasikia dawa? Mgonjwa anakunywa parasetamoli, anapata nafuu kidogo, kisha kinarudi na nguvu kuliko jana.

Pamoja na kichwa, angalia dalili hizi nyingine:

– Macho hayaoni vizuri, ao mgonjwa anaona vitu viwili mahali kuna kimoja.
– Anatapika bila ugonjwa wa tumbo.
– Kifafa, hata mara moja tu, kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Mara ingine ni mkono mmoja tu ao upande mmoja wa uso unaotetemeka.
– Mkono ao mguu unakosa nguvu. Unaweza kuwa upande mmoja leo, na kesho upande mwingine.
– Anakosa maneno, ao anasema maneno yasiyofuatana.
– Akili inachanganyikana, analala mno, hajali mtoto wake.

Dalili hii ya mwisho inadanganya watu wengi. Jamaa wanasema: "Amepata wazimu wa uzazi." Wengine: "Damu ya uzazi imepanda mu kichwa." Wengine: "Wamemuloga." Na siku zinapita.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAYO

Muuguzi, hapa ndipo kazi yako ilipo. Magonjwa mane yanafanana na ugonjwa huu, na yote ni ya kawaida kuliko wenyewe. Sharti uyatafute na kuyatibu. Lakini usiache kufikiri ukiisha kupata jina la kwanza.

Malaria. Katika inchi yetu watu wengi wanabeba vidudu vya malaria katika damu. TDR ikionyesha malaria, tibu malaria. Lakini kuwa na malaria hakumkatazi mtu kuwa na ugonjwa mwingine. Kama umeitibu na kichwa kinazidi kuongezeka, hapana kurudilia dawa ile ile mara ya pili na ya tatu. Na kama mkono umepooza, usingoje hata dawa imalizike.

Eklampsia. Mama akishikwa na kifafa tangu majuma 20 ya mimba mpaka majuma 6 baada ya kuzaa, mtibu kwanza sawa ni eklampsia: pima tansiyo, pima mukojo, mpe sulfati ya manyezyumu kama ulivyofundishwa. Hiyo ni sheria, na inaokoa watu. Lakini kama tansiyo haikuwa juu, kama mukojo hauna proteini, kama tansiyo imeshuka na kichwa kingali kinauma, ao kama upande mmoja hauna nguvu, basi fikiri juu ya damu iliyoganda.

Menenjite. Homa, shingo ngumu, mwanga unaumiza macho. Ukiidhania, anza antibiotiki bila kuchelewa na kumtuma mgonjwa hospitalini.

Kichwa cha sindano ya mgongo. Mama aliyepasuliwa kwa sindano ya mgongo anaweza kuumwa kichwa siku chache baadaye. Alama yake ni hii: akiketi ao akisimama kinauma, akilala kinapoa. Kile cha damu iliyoganda mara nyingi kinafanya kinyume. Angalia vizuri siku ambayo kichwa kinageuza tabia: jana akilala kilipoa, leo akilala kinauma vile vile. Siku ile mwite dokta.

NAMNA YA KUUPIMA

Katika dispansari hakuna kipimo kinachosema "ndiyo" ao "hapana". Lakini muuguzi anaweza kufanya mengi kwa macho, mikono na maulizo: joto, tansiyo, mukojo, TDR, rangi ya macho kwa kujua upungufu wa damu. Aangalie masikio yote mawili. Amwambie mgonjwa ainue mikono yote miwili mbele na kufumba macho: mkono unaoshuka peke yake hauna nguvu. Amwonyeshe kidole na kuuliza anaona ngapi. Aandike yote, pamoja na saa.

Katika hospitali, dokta anaweza kuangalia nyuma ya jicho kwa kitaa kidogo. Kule nyuma tunaona mahali mshipa wa jicho unapotoka ubongoni. Mahali pale pakiwa pamevimba, ni alama ya kwamba nguvu imezidi ndani ya kichwa. Kipimo hiki hakina maumivu, hakiombi umeme mwingi, na kinaweza kubadilisha mawazo yote juu ya mgonjwa. Ni vibaya kukisahau.

Maji ya mgongo yanaweza kusaidia kujua menenjite, na yakipimwa nguvu yake kwa kibomba, zaidi ya sentimeta 25 ni nyingi. Lakini hapana kutoboa mgongo wa mgonjwa aliyepooza upande mmoja, aliyezimia, ao mwenye uvimbe nyuma ya jicho, kabla ya picha ya kichwa. Inaweza kumwua.

Kuna kipimo cha damu kinachoitwa D-dimeri. Mara nyingi kinapanda damu ikiganda. Lakini kwa mama aliyezaa kinapanda hata bila ugonjwa, na kwa mgonjwa mwingine kinaweza kubaki chini na ugonjwa upo. Tusikitegemee peke yake.

Kipimo cha kweli ni picha ya kichwa. Mashini yake, skana, inapatikana katika miji mikubwa, na ile ya sumaku, IRM, ni haba zaidi. Sasa sikilizeni, maana hapa wengi wanakosea: skana ya kawaida, isiyo na dawa ya rangi, inaonyesha alama za damu iliyoganda kwa mgonjwa karibu 1 tu katika 3. Mara ingine dokta anaona kamba nyeupe mahali mshipa unapopita, ao pembetatu nyeupe kisogoni. Lakini mara nyingi picha inaonekana nzuri kabisa. Jamaa wanaambiwa: "Hakuna kitu," wanarudi nyumbani na furaha, na ugonjwa unabaki ndani.

Kwa hiyo sharti picha ya pili: dawa ya rangi inapigwa katika mshipa wa mkono, na mashini inapiga picha wakati rangi inapopita katika mishipa ya kurudisha. Mahali damu inapita pataonekana peupe. Mahali imeganda, rangi inazunguka pembeni na katikati panabaki peusi, sawa pembetatu tupu. Mashini ya sumaku nayo inaweza kuonyesha damu iliyoganda yenyewe, na njia iliyokatika.

Namna damu ilivyomwagika nayo inasema. Damu ya tansiyo mara nyingi inamwagika ndani kabisa, katikati ya ubongo. Damu ya mishipa ya kurudisha iliyozibwa mara nyingi inaonekana karibu na uso wa ubongo, juu, chini ya mfupa. Mara ingine pande zote mbili, mara ingine madoa madogo madogo, ao tabaka jembamba juu ya ubongo. Dokta akiona damu kama hiyo kwa mtu kijana asiye na tansiyo, asiandike "AVC" na kufunga karatasi. Aulize: mfereji umezibwa?

Muuguzi na dokta wanaotuma mgonjwa, msiandike tu "skana ya kichwa". Andikeni: mama amezaa siku ngapi zilizopita, kichwa kinauma tangu lini, na "tunatafuta damu iliyoganda katika mishipa ya kurudisha, tunaomba picha ya mishipa ile." Maneno hayo machache yanaweza kumwokoa mgonjwa asirudi mara ya pili, na jamaa wasilipe mara mbili. Dawa ile ya rangi haikatazi mama kunyonyesha. Lakini waambieni watu wa skana kama ana ugonjwa wa figo.

DAWA INAYOSHANGAZA WATU

Dawa kubwa ya ugonjwa huu ni heparini, dawa inayozuia damu kuganda. Inapigwa kwa sindano. Hapo jamaa wengi wanashtuka, hata wauguzi: "Damu imemwagika katika kichwa chake, na ninyi mnampa dawa ya kuifanya nyepesi? Munataka kumuua?"

Ulizo hili ni la haki. Hata wanganga wakubwa waliogopa muda mrefu. Katika mwaka 1991 wanganga wa Ujerumani walitoa habari ya majaribio yao. Wagonjwa walikuwa 20. Kumi walipewa heparini, kumi wengine hawakupewa. Kiisha miezi 3, katika wale kumi wa heparini, 8 walipona kabisa, na 2 walibaki na ulemavu mdogo, hakuna aliyekufa. Katika wale wengine, 1 tu alipona kabisa, 6 walibaki na ulemavu, na 3 walikufa. Wanganga wale wale waliangalia tena karatasi za wagonjwa waliokuwa na damu iliyomwagika ubongoni: waliopewa heparini walikufa kidogo kuliko wasiopewa.

Sababu gani? Rudi kwa barabara yetu. Ukijaza udongo mahali barabara imepasuka na bomba lingali limezibwa, mvua itapasua tena. Sharti kufungua bomba. Heparini inazuia damu iliyoganda isiongezeke, na mwili wenyewe unaiyeyusha polepole. Njia ikifunguka, nguvu inashuka, na damu inaacha kumwagika.

Lakini mshike upande wa pili pia. Damu iliyomwagika sababu ya tansiyo, ao sababu ya kuanguka na kuumia kichwa, haitibiwi na heparini. Kwa mgonjwa wa namna ile inaweza kuua. Na kwa nje wagonjwa hawa wawili wanaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana picha si mapambo ya hospitali kubwa. Ni picha inayosema dawa ipi itaokoa na ipi itaua. Hapana kuanza heparini kwa kudhania tu.

Baada ya siku za sindano, mgonjwa anaendelea na vidonge vya kuzuia damu kuganda, mara nyingi warfarini, kwa miezi 3 mpaka 12 kufuatana na sababu ya ugonjwa. Akinywa warfarini sharti apimwe damu mara kwa mara. Kipimo kinachoitwa INR kikae kati ya 2 na 3. Asiache mwenyewe, asiongeze mwenyewe, asichanganye na aspirini wala dawa za miti bila kumwambia munganga. Kama alishikwa na kifafa, atapewa dawa ya kifafa. Kama ana usaha katika sikio, sharti usaha utibiwe.

TUKIWA MBALI NA SKANA

Wengi wetu tunaishi mbali na mji. Njia ni mbaya, franka ni haba, na mgonjwa ana mtoto mchanga. Jamaa wanaketi kushauriana: tuuze mbuzi? tungoje mjomba afike? Tunaijua shida hiyo. Lakini hesabuni vizuri. Kwa wale wagonjwa 624, nusu yao ugonjwa ulijulikana siku 7 tu ao mbele baada ya dalili ya kwanza, na nusu nyingine nyuma ya pale. Mwishoni karibu 8 kwa 10 walipona vizuri, na karibu 8 kwa 100 walikufa. Walipona hivyo kwa sababu waliupata mkono wa kuwatibu. Franka inayotumiwa kwa dawa za sokoni, kwa serumu za kila siku bila jina la ugonjwa, na kwa kuzunguka huku na huku, mara nyingi ingetosha kwa safari.

Mpaka mgonjwa afike hospitali kubwa, fanyeni hivi:

1. Mlazeni kichwa kikiwa juu kidogo, kwa mito miwili ao kwa kuinua kichwa cha kitanda.

2. Akiwa na akili nzuri, anywe maji. Kama hawezi kumeza, hapana kumlazimisha. Muuguzi amtilie serumu.

3. Kwa maumivu, parasetamoli. Hapana aspirini, hapana ibuprofeni.

4. Akishikwa na kifafa, mlalisheni upande, ondoeni vitu vya kumwumiza, msitie kijiko ao kidole kinywani.

5. Tibuni malaria, eklampsia na menenjite kama dalili zipo, lakini karatasi ya transferi iandikwe siku ile ile. Kutibu na kutuma vinakwenda pamoja.

6. Hapana kumchanja kichwani, hapana kumtia dawa ya miti puani.

7. Mtoto asafiri pamoja na mama, na mtu wa kumtunza.

MAULIZO YA WATU

Huu ni ulozi? Damu iliyoganda inaonekana kwa macho katika picha, na mwili unaiyeyusha ukisaidiwa na dawa. Kuombea mgonjwa ni vizuri, na sisi tunamwombea. Lakini tumwombee katika gari, njiani kwenda hospitali.

Mama anaweza kunyonyesha? Ndiyo. Heparini na warfarini hazikatazi kunyonyesha. Kuna vidonge vipya vya kazi ile ile ambavyo havifai kwa mama anayenyonyesha. Amwambie dokta kwamba ananyonyesha.

Anaweza kuzaa tena? Wengi wanazaa tena vizuri. Lakini warfarini inaweza kuharibu mtoto tumboni, kwa hiyo asibebe mimba akiwa anainywa. Akibeba mimba ingine, aende CPN mapema sana na kusema habari ya ugonjwa wake, maana anaweza kuhitaji sindano za heparini. Bwana wake naye aijue habari hii.

Na kupanga uzazi? Asinywe tena vidonge vyenye estrojeni. Njia zingine zipo, muuguzi atamwonyesha.

Tunaweza kuuzuia? Si mara zote, lakini tunaweza kupunguza hatari. Mama aliyezaa anywe maji ya kutosha. Kama kuna jamaa wanaomkatazia maji, waache. Aamke na kutembea kidogo mapema, hata aliyepasuliwa, munganga akimruhusu. Amalize vidonge vyake vya kuongeza damu. Sikio lenye usaha litibiwe.

KUMBUKA

Kichwa cha mama mwenye mimba ao aliyezaa, kinachoongezeka siku kwa siku, si cha kungoja.

Kichwa pamoja na kifafa, macho mabaya, mkono usio na nguvu ao akili iliyochanganyikana: hospitali leo, si kesho.

Kupata malaria si kumaliza kutafuta.

Skana nzuri bila dawa ya rangi haiondoi ugonjwa. Ombeni picha ya mishipa ya kurudisha.

Damu iliyomwagika juu ya kuzibwa inatibiwa kwa kuzuia damu kuganda, lakini baada ya picha, kwa mkono wa dokta.

Bandikeni karatasi hii katika chumba cha wazazi, mahali pale kina mama wanangoja kupima watoto, na kuisoma kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma.